Ukuta Kati Yetu na Madame Godelieve

Brussels, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mara ya mwisho ulisema limekubali kupanda vidaraja vya kanisani ila kushuka halitaki, nikajifariji kwamba angalau kuingia ibadani unaingia, kutoka watajua wenyewe walioko ndani. Na yule ng'ombe mwenye tabia ya kutembelea migomba ya jirani, bado ni wetu au jirani ameshinda kesi? Sisi huku tunaamka salama. Mkweo Bahati ana mafua yake yanayoingia baridi ikianza na kuondoka baridi ikiisha. Tumeshayazoea kama mtu wa nyumbani. Mimi bado nawaogesha wazee katika ile nyumba yao ya kutunziwa. Wananipenda, hasa wale wasionikumbuka.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaiweka spika, unaiegesha dirishani, na Kasulu nzima inashiriki. Juzi nilikwambia tumbo linanisumbua, jioni nikapata ujumbe wa pole kutoka kwa fundi baiskeli. Sina ugomvi na fundi baiskeli. Ila habari hii nataka uipate wewe kwanza, au mdogo wangu Anjelina akusomee chumbani mlango umefungwa, kisha wewe mwenyewe uamue mtaa upewe kiasi gani. Ndiyo maana nimeikabidhi kwa dada mmoja anayekuja Kigoma kumwona mwanawe. Amenihakikishia hataifungua. Nimeibandika gundi kila upande kumsaidia kutimiza ahadi.

Ile nyumba tunayonunua Ganshoren bado inajengwa. Huku unainunua ikiwa michoro, kama mtu anayenunua ndama angali tumboni mwa ng'ombe, halafu unasubiri uone kitatoka nini. Ganshoren ni mahali pa watu watulivu, pembeni mwa jiji. Hata mbwa wa huko wanabweka kama wanaomba samahani. Zinajengwa nyumba mbili zinazogusana, zikitenganishwa na ukuta mmoja. Upande huu ni sisi. Upande wa pili ni Madame Godelieve, mjane wa Kiflamandi aliyechoka kufagia nyumba kubwa peke yake.

Watu wa huku wakinunua nyumba huuliza habari za jua, basi, na shule. Mimi niliuliza habari za ukuta. Nikueleze kwa nini, ingawa sehemu moja unaijua.

Msiba wa baba ulipotukuta, karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado ofisini kwa wakubwa, na asiye na karatasi mkononi akitoka hapa harudi. Hilo unalijua. Usilolijua ni jinsi msiba ulivyokuwa hapa kwetu Saint-Gilles. Tunakaa ghorofa ya pili katika nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vipande, na sakafu yetu ya mbao ndiyo dari ya mtu mwingine. Wakongomani wa kanisa la Bahati waliposikia nimefiwa, walikuja wote. Unawajua watu wa Kivu kutoka kambi ya wakimbizi, hawaulizi kama una viti. Walijaa chumbani, wakajaa jikoni, waliobaki wakakaa kwenye ngazi mpaka karibu na barabara. Maman Véronique, shangazi yake Bahati ambaye ndiye mama yake huku Ulaya, alivua kilemba, akajifunga kitenge kiunoni, akafungua kinywa. Kilio kilipotoka mara moja tu, chini tukasikia ko, ko, ko. Mti wa ufagio.

Jirani wa chini si mtu mbaya. Anafanya kazi usiku, mchana ndio usiku wake. Alipanda mwenyewe akiwa na soksi, akaona watu, akaelewa, akaomba radhi, akasema anatupa pole sana, na kama inawezekana, kwa sauti ndogo. Ikawezekana. Mama, tulimlilia baba kwa kunong'ona kama wanafunzi maktabani. Na mimi mwenye msiba nilikuwa na kazi: kuwaambia watu wavue viatu, kukamata mlango usijipigize, kumwonyesha kidole mdomoni kila mgeni mpya anayeingia na kilio chake mkononi. Mlipotupigia simu ya picha mkaniona uso mkavu na kidole mdomoni, ndivyo ilivyokuwa. Sikulia. Sikupata nafasi.

Baadaye ukaniambia, kwa sauti yako ile ya kupita tu, kwamba watu wanasema Devota hakumlilia baba yake, Ulaya imemkausha. Huyo "watu" namjua, ni shangazi. Wewe hukusema lako. Nimekaa na hilo la kwako usilolisema zaidi kuliko la shangazi alilolisema.

Kwa hiyo nilitaka nyumba ambayo mtu anaweza kulia ndani yake. Bahati nilimwambia nataka nyumba yenye ukuta mzuri. Ni kitu kile kile, ila cha pili hakimfanyi mtu aache kula akutazame.

Sasa, huku anayejengewa nyumba akiwa na akili anatafuta mkaguzi wake mwenyewe, asiyekula kwa mjenzi, anayekuja hatua kwa hatua kabla makosa hayajafunikwa na rangi. Hayo niliyasoma kwenye magazeti ya nyumba na bustani ambayo watoto wa wazee wangu wanawaletea baba zao wasioona tena. Mimi ndiye ninayeyamaliza. Bahati alipinga.

"Devo, ni kumutukana fundi. Unalipa muntu aje kusema kazi yake ni mubaya?"

"Au aseme ni nzuri."

"Sasa kama ni muzuri, alikuya ya nini?"

Nikamkumbusha jinsi baba alivyokagua nyumba yetu ya Kasulu: kigoda, fimbo, tangu umande mpaka mafundi wanaosha sepetu. Hakuwa anasema neno. Tofali likikaa vibaya, anakohoa. Mpaka wanaezeka, mafundi walikuwa wanajenga kwa kufuata kikohozi. Bahati alicheka, kwa sababu baba alimkoholea yeye pia alipokuja mara ya kwanza kutoka kambini na shati la kuazima. Basi akakubali tumlete Monsieur Hubert.

Kosa letu likawa moja. Bahati aliomba maombi kanisani. Alisimama akasema Jumamosi anakuja mkaguzi, na kama nyumba ina kasoro anaweza kuikataa, ndugu mtukumbuke. Mzungu angeelewa kwamba amekumbukwa na yamekwisha. Lakini kwa watu wa Bahati, mtu anayekwenda kusikiliza hukumu, iwe ya daktari, ya hakimu au ya mwalimu mkuu, haachwi aende peke yake. Anasindikizwa. Wakija wengi, hukumu yenyewe inaona haya.

Jumamosi tunafika saiti tunawakuta. Wameshuka na basi, wamevaa kama watu wa arusi, wana sufuria mbili zilizofungwa kwa vitenge, moja ya wali na nyingine ya sombe, kisamvu chao, na kreti za soda. Msimamizi wa ujenzi, Mreno anayeitwa Tiago, alikuwa amesimama langoni na kofia ngumu tano mkononi.

"Hawa wote ni wanunuzi?" akaniuliza.

"Hapana, ni familia."

"Familia yote?"

"Sehemu."

Akaeleza habari za usalama, za bima, za matofali yanayoweza kumwangukia mtu. Maman Véronique alisikiliza kwa heshima yote mpaka mwisho, akamgeukia Bahati.

"Umuambie huyu mutoto, hatukuye kujenga. Tulikuya kusimama nyuma ya muntu yetu."

"Tantine, anasema casque ni tano tu."

"Bon. Hatuko na lazima ya casque. Tuko na bilemba."

Pengine wangebaki nje mpaka mwisho, ila mvua ya huku haina adabu, ikaanza. Tiago alitazama suti, akatazama matope, akatazama sufuria. Akawaruhusu waingie sebuleni tu, chini, wasiguse kitu. Wakaingia, wakagusa kila kitu.

"Hapa ni salon. Canapé itakaa huku."

"Na siku ya kilio, batu batakaa wapi?"

"Si kwa ngazi tena. Iko mupana, angalia."

"Ya Saint-Gilles nilikaliaka mpaka mugongo ikakufa."

Niliwaacha wakiipanga misiba yangu ya mbeleni nikamfuata Monsieur Hubert. Ni mzee mwembamba, anatembea na nyundo ndogo ya mpira, anagonga kuta na kutega sikio kama daktari mgongoni mwa mgonjwa. Akikuta kosa anasema "ah" kwa furaha ndogo, kama mtu aliyeokota sarafu. Dirisha la chumba chetu lilikuwa limelala kuelekea ndani, mvua ingetuingilia kitandani. Ah. Kidaraja kimoja cha ngazi kimezidi wenzake, cha kumwangusha mgeni. Ah. Tiago alikuwa anamfuata nyuma na uso wa mtu anayesomewa dhambi za ujana wake. Ukuta wa sebuleni aliugonga chini, akaugonga katikati, akaridhika. Kisha akataka auone kwa upande wa pili. Tukatoka sisi watatu, tukazunguka, tukaingia kwa Madame Godelieve.

Huyo tulimkuta amekaa katikati ya sebule yake isiyo na sakafu, kwenye kiti cha kukunja, na chupa ya kahawa miguuni. Anakuja kila Jumamosi kuitazama nyumba yake ikikua. Haongei na mafundi. Nilimpenda hapo hapo, bila kumwambia. Alichokosa ni kikohozi cha baba tu.

Monsieur Hubert alikuwa ameinua nyundo ndipo ukuta ulipoanza kuimba.

Sikudanganyi, mama. Uliimba sauti zote nne. Madame Godelieve alitazama huku na huku akauliza nani kaleta redio. Monsieur Hubert aliishusha nyundo taratibu. Tulisikia sauti ya kwanza, tulisikia besi, tulimsikia mzee mmoja anayewahi mbele ya wenzake kila ubeti na kuwasubiri mwishoni. Wimbo ukaisha, mtu akapiga chafya, mwingine akamwambia Mungu akusaidie.

"Ah," akasema Monsieur Hubert. Hii haikuwa ya furaha.

Kisha ikaja sauti ya Maman Véronique. Wala hakuwa anapaza. Alikuwa anaongea na mwanamke mwenzake, kwa ile sauti ya chini wanayotumia watu wakimsema mtu aliyetoka sasa hivi.

"Huyu muke ya Bahati ni muntu muzuri. Anafanya kazi, anapika, anaheshimu batu. Lakini moyo yake iko kavu. Pale Saint-Gilles siye wote tulilia pole pole, ju ya ule muzungu wa chini. Yeye hata pole pole hakulia. Baba yake! Nilimuangalia macho, hakuna hata tone."

"Batanzania njo beko vile?"

"Apana. Ni yeye."

Madame Godelieve aliniinamia. "Wanasema nini?"

"Wanausifu ukuta," nikamjibu.

Sikukasirika. Ningekasirika kama angesema uongo. Nilisimama tu mbele ya yale matofali nikiona jinsi maneno yanavyopita ndani yake bila hata kuinama, nikawaza kwamba nimekimbia sakafu ya Saint-Gilles nikanunua ukuta wa Saint-Gilles, mpya, wenye harufu ya saruji.

Monsieur Hubert aliomba ngazi. Sebule zilikuwa bado hazijafungwa jipsam juu, kwa hiyo aliweza kupenyeza kichwa na tochi. Alikaa huko muda, miguu yake tu ikionekana. Aliposhuka alitueleza hivi. Ukuta kati ya nyumba hizi kwa kweli ni kuta mbili, na katikati kuna uwazi unaojazwa pamba fulani iliyotengenezwa kwa mawe. Sauti ikiingia kwenye pamba hiyo inachoka, haifiki ng'ambo. Pamba yetu ilianza vizuri kutoka chini, ikapanda, na karibu na dari ikaishia njiani. Palipobaki walijaza mabonge ya zege, na zege halichoshi sauti, linaibeba mgongoni. Ukigonga chini husikii kosa. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa ameridhika, na alilisema hilo bila kuulizwa. Nikamwongezea heshima.

"Wiki ijayo tunafunga dari," akasema Tiago. Maana yake, ikishafungwa ndiyo basi tena. "Kubomoa pale juu kunavuruga ratiba yote. Na hii inatosha kwa watu wanaoishi kawaida."

"Kawaida ni vipi?"

"Kuongea. Kutazama televisheni."

"Na wakilia?"

"Mtoto?"

"Mtu mzima."

Alinitazama kuona kama namtania. "Watu wazima hawalii kwa sauti hiyo, madame."

"Kwetu wanalia."

Bahati alikuwa amekuja na kijiko cha sombe mkononi, akasikia mwisho wa maneno. Alinivuta pembeni. Unamjua, Bahati akiwa mbele ya Mzungu mwenye kofia ngumu anakuwa tena kijana wa kambini anayesubiri jina lake lisomwe.

"Devo, tuache. Bakikasirika batachelewesha nyumba mpaka mwaka ingine. Tutaweka tapis kwa ukuta."

"Bahati, sitaki zulia. Dari isifungwe."

"Juu ya kuimba? Tutaimba pole pole."

"Tumeshafanya mambo ya polepole."

Sijui kama alielewa siku hiyo au baadaye. Nikamrudia Tiago nikamwambia sitaki dari ifungwe mpaka pamba ifike juu. Nilisema kwa Kifaransa changu cha kuogeshea wazee, kilichojaa "taratibu" na "tusaidiane", na pengine ndiyo maana hakuchukia. Alisema atafikisha ofisini, ila mnunuzi mmoja akilalamika ofisi huwa inachelewa kusikia.

Madame Godelieve akainuka kwenye kiti chake cha kukunja.

"Wawili," akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa akisema nakoroma kama trekta. Miaka yote nimekataa. Sitaki majirani waje kuthibitisha."

Sombe tulilila wote humo ndani, Tiago na Monsieur Hubert wakiwemo, tumesimama, sahani mkononi. Madame Godelieve alitaka kujua ni majani gani. Maman Véronique alimwambia kwa Kifaransa kwamba ni dawa ya kukoroma. Bahati ndiye aliyekuwa ametangaza habari za trekta, ndani ya nusu saa.

Ofisi ya mjenzi ilikubali, si kwa furaha. Walitutumia barua yenye maneno "kwa hisani" mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nyumba ikachelewa, Saint-Gilles ikaendelea, tukaendelea kutembea na soksi. Maman Véronique nilikutana naye kila Jumapili na nilimwamkia kama kawaida, naye akanijibu kama kawaida. Sikumwambia nilichosikia. Ningemwambia nini? Kwamba niliyasikia kupitia ukutani? Angeniuliza kama si kweli.

Jumamosi, jana imetimia wiki, Tiago akatuita. Pamba imefika juu, zege limetolewa, tuje tuangalie kabla jipsam haijapigwa. Safari hii tulikwenda wachache: mimi, Bahati, na Maman Véronique aliyesema hawezi kumwachia Mungu kazi katikati. Monsieur Hubert akapanda ngazi yake, akatia kichwa, akashuka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema siku ya kukabidhiwa nyumba ataleta mashine inayopiga kelele na mashine inayozisikiliza, lakini kwa leo inatosha mmoja wetu abaki apige kelele na wengine twende kwa Madame Godelieve. Huyo tayari alikuwepo, kwenye kiti chake.

"Nitaweka muziki kwa simu," akasema Bahati.

"Simu ni ndogo," akasema Monsieur Hubert. "Mtu ni bora."

Maman Véronique akajitolea kuimba. Nikasema kuimba tunakujua, mimi ninachotaka kujua ni kama mtu akilia hapa ndani, kilio cha kwetu, yule mama wa ng'ambo atasikia. Basi alie. Maman Véronique aliruka kama amemwagiwa maji.

"Mimi? Nilie bila mufu? Kwa nyumba mupya? Unataka kifo ijue adresse yenu?"

"Hapana, maman."

"Kilio haina kitu ya kujaribu kama micro! Muntu analia kama iko na muntu wake wa kulilia."

"Ni kweli," nikasema. "Basi mtangulie wote. Nitalia mimi."

Bahati alinitazama, safari hii nadhani alielewa, kwa sababu ndiye aliyewaongoza wengine nje. Maman Véronique alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma.

Nikabaki peke yangu, mama, katikati ya sebule, na kofia ngumu kichwani. Madirisha yamefungwa, mlango wa muda umefungwa. Mwanzoni nilikuwa mjinga kabisa. Nikasema "aaa" kama mtu anayeonyesha koo hospitali. Nikasema "aaa" tena, nikajisikia haya mbele ya mifuko ya saruji. Nikafikiria nitoke niwaambie ukuta mzuri, twendeni.

Kisha nikakitazama kidaraja cha ngazi walichokuwa wamekirekebisha. Kimekaa sawa, kimenyooka, hakuna wa kukikoholea. Nikawaza, baba angekaa wapi hapa? Angeweka kigoda chake pale mlangoni, angewatesa hawa Wareno. Nikakohoa kama yeye. Kidogo tu, kujaribu. Kikatoka kikohozi chake hasa, mama, kile cha kusafisha koo kabla hajaingia ndani, tulichokuwa tukikisikia tunakimbia kushika madaftari. Sikujua kwamba ninacho.

Basi nikalia. Sitakuelezea sana, wewe unajua inavyokuwa na ulilia kuliko mimi. Nilimwita jina lake la nyumbani. Nilimwambia karatasi zilifika, zilifika baada ya arobaini yako, baba, zikiwa na muhuri mzuri. Nilimwambia nina nyumba na hajaikagua. Kofia ilianguka na sikuiokota. Nilikaa chini kwenye vumbi la saruji nikapiga sakafu kwa viganja, na sakafu ile si dari ya mtu. Sauti niliyotoa sijawahi kuisikia. Nilikuwa nimeiweka muda mrefu, ilikuwa imekua.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mlango ukafunguliwa. Tiago akaingiza kichwa, akasema kwa adabu:

"Madame, unaweza kuanza sasa. Tunasubiri."

Halafu akauona uso wangu. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akabaki hivyo.

Nyuma yake akaja Maman Véronique. Alinitazama kwa muda, na mimi nikamwacha atazame, safari hii tone lilikuwepo. Hakusema pole wala hakusema samahani, wala sikumdai. Alivua kilemba, akajifunga kitenge kiunoni, akajishusha polepole akakaa kwenye vumbi karibu yangu, na magoti yake ni kama lako. Akaniuliza: "Aliitwa nani, papa yako?" Nikamtajia. Akafungua kinywa akamlilia kwa jina, mtu ambaye hajawahi kumwona, kilio kile kile tulichokikata Saint-Gilles, akakianza pale pale kilipokatikia. Tiago akafunga mlango kwa nje.

Madame Godelieve alitukuta baadaye nje tukinawa uso kwenye bomba la mafundi. Alisema amesikiliza kwa makini sana, sikio limegusa tofali, na hakuambulia kitu. Alituonea huruma, alidhani tumeshindwa. Monsieur Hubert aliandika kwamba ukuta ni mzuri.

Jana wamefunga dari.

Ndiyo habari niliyotaka uipate wewe kwanza. Ukishaisoma, mtaa unaweza kupewa ile ya sombe na trekta, nayo inatosha. Msalimie Anjelina, umwambie aache kuruka mistari akisoma, namjua. Msalimie mjomba anayetunza ng'ombe na umwambie migomba ya watu ina wenyewe. Msalimie fundi baiskeli, tumbo limepona. Mkweo anakuamkia, na Maman Véronique, ambaye sasa ananiita binti yake mbele za watu, anakupa pole ya mume wako, kwa kuchelewa.

Na shangazi mpe salamu za peke yake. Mwambie nimemlilia kaka yake, kwa sauti yangu yote. Akikuuliza nani alisikia, mwambie ukweli: ng'ambo ya ukuta, hakuna hata mmoja. Hilo ndilo tulilolipia.

Nakushika goti hilo bovu kwa mikono miwili,

Binti yako,
Devota